Viatu Nilivyovisingizia

Juma lililopita niliwaacha mlangoni, wasomaji, na mimi mwenyewe niko hapo hapo bado, sinia mkononi, chai inapoa.

Kwa aliyekosa gazeti: mimi ni Wahu, binti wa Mzee Gathogo wa Soy. Shule niliishia darasa la saba. Kazi yangu ni mlango wa chumba cha kompyuta, katika ushirika wa wakulima wa mahindi hapa Eldoret, kule maghala yanakopakana na reli.

Mlango huo una sheria moja. Kompyuta haitaki vumbi, na vumbi letu jekundu halina adabu. Hakuna kuingia na viatu. Unavua, unaviweka chini ya benchi yangu, nakupa slipa safi, ndipo unapita. Hata meneja, Bwana Kituyi, anavua.

Mtu aliyekaa hapo mwaka mzima haulizi nani yuko ndani. Anatazama chini ya benchi.

Na nilipotazama siku ile nikaona viatu vyeusi vya kamba vya Kimeli. Kando yake, vimeegemeana navyo kama watu wanaonong'onezana, viatu vyekundu vya Jeruto.

Kimeli ni mchumba wangu. Pale kazini anayejua ni mmoja tu, rafiki yangu Nanyama, mpokeaji wetu wa simu, ambaye tunakaa naye chumba kimoja mtaani Langas. Jeruto ni mtaalamu aliyeletwa kutoka Nairobi kumwonyesha Kimeli njia mpya ya kutengeneza programu.

Na kwa sababu ya hiyo njia mpya, wazee wa Kimeli wamengojwa kwetu Soy walete posa mara mbili, na mara mbili hawakufika. Kimeli hapati ruhusa, na wazee hawaendi bila kijana. Baba akanitumia neno kupitia kwa mama: "Hodi ya tatu ndiyo ya mwisho. Jumamosi wasipoingia nafunga lango, na jina la kijana huyo lisitajwe tena kwangu."

Basi. Ndani kukasikika kicheko. Nikagonga.

"Hodi."

Kicheko kikakatika kama redio iliyoishiwa na betri.

Mlango ukafunguka, baridi ya ile mashine ya hewa ikanipiga usoni. Alikuwa Jeruto, na soksi zake nyeupe ndani ya slipa.

"Dada Wahu! Mungu akubariki. Iache hapo nje, tutatoka tunywe. Tukiimwagia hii mashine hata tone moja, Bwana Kituyi atatunyonga."

Nilitaka awe na madharau. Mwanamke wa madharau ni rahisi kumchukia. Huyu aliniita dada, akanishika bega, na chuki yangu ikakosa mahali pa kukaa.

Nyuma yake Kimeli alikuwa kwenye skrini. Hakugeuka. Jeruto akamwambia kitu kwa Kinandi, si kwa utani. Kimeli akajibu kwa sauti ya chini, akainama.

Mimi Kinandi changu ni salamu na bei ya maziwa.

"Mnasema nini?" nikauliza, nikijifanya nacheka.

"Kazi tu," Kimeli akasema.

Jeruto akamtazama kidogo. "Haya. Kazi," akasema. "Hebu njoo uone, Wahu. Usiogope, haiumi."

Nikavua, nikaingia. Akanivutia kiti karibu na chake, nacho kilikuwa kando ya cha Kimeli.

"Kimeli anaandika kwa kobol," akasema. "Mashine inaijua kobol tangu zamani. Lakini siku hizi habari za wakulima hazikai tena kwenye tepu. Ziko kwenye hazina moja kubwa, na hazina hiyo inaongea lugha yake, SQL. Sasa Kimeli anachanganya lugha mbili kwenye programu moja. Kobol ikikutana na maneno ya SQL inasema, haya siyajui. Inakataa yote."

"Sasa mnafanyaje?"

"Tunatanguliza mkalimani. Anaitwa prikompaila. Anapita kwenye programu kwanza, kila palipo na SQL anapageuza kuwa kobol, ndipo tunaikabidhi kwa kobol yenyewe. Kazi yangu ni kumpangia huyo mkalimani. Atumwe wakati gani, apitie wapi, na akifika kwenye hazina apige hodi kwa jina la nani."

"Kwa jina la nani?"

"Langu, kwa sasa. Jina langu na neno langu la siri. Nikiondoka nitaweka la Kimeli."

Mtaniambia hayo ni mambo ya mashine. Najua. Hata kwetu Soy mkalimani alikuwa ameshatafutwa, kwa sababu baba Kinandi hajui na babake Kimeli Kikuyu hajui. Lakini mimi nilichosikia ni kwamba ndani ya kazi ya mchumba wangu kuna jina la mwanamke mwingine, na kila akibonyeza, jina hilo ndilo linalotangulia.

Nikatoka nikaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

*

Saa ya chakula nilimkuta Nanyama jikoni na bakuli lake la githeri. Nikamweleza.

"Mlango ulikuwa umefungwa?"

"Hufungwa kwa sababu ya ile baridi."

"Ati baridi! Watu wawili wakifungiwa kwenye baridi hufanya nini, Wahu? Hujikunyata. Sasa mtu hujikunyata kwa nani?"

"Wacha, Nanyama."

"Niache nini? Wewe unachunga viatu, mwenzio anachunga mwenye viatu!" Akacheka mpaka githeri ikampalia, nikampiga mgongoni. "Yule ni wa kwao, ana digirii, ana kisigino kirefu. Wewe una nini? Ufagio."

Alikuwa mtu wa mizaha, nimemzoea. Ndiye aliyeninunulia dawa niliposhikwa na malaria. Ndiye aliyenichagulia uzi nilipokuwa namfumia Kimeli sweta.

"Tena nikuulize," akasema, akijifuta macho. "Hiyo programu inakataa kila siku. Anayepanga ni nani? Si yeye? Mimi ningekuwa yeye, na sitaki mtu fulani aende Soy, ningepanga ikatae."

Nikaweka kijiko chini.

Tangu saa hiyo sikumwona Jeruto tena. Nilikuwa namwona mwizi. Akimega mandazi na kumpa Kimeli nusu, ni wizi. Akitoa uzi ulioning'inia kwenye mkono wa ile sweta, sweta yangu, jicho langu na vidole vyangu vya miezi, ni wizi wa mchana. Na wakiongea Kinandi, yeye akisema kwa ukali na Kimeli akinyamaza kama mtoto, nilisema moyoni: tazama, ameshafikia kumgombeza. Anayegombeza mwanamume ni mama yake au mke wake.

Jumatano mchana printa ikatoa karatasi ndefu, na mwisho wake hakukuwa na kosa hata moja. Jeruto akapiga kigelegele, akaruka, akamkumbatia Kimeli shingoni.

Mimi niko mlangoni na slipa mkononi. Nikaona mikono yake. Hiyo ndiyo niliyoibeba kwenda nayo nyumbani, mikono.

Uso wa Kimeli niliuona pia, lakini niliuweka kando. Haukuwa na furaha.

Nikamvizia kwenye korido. "Basi Jumamosi tunakwenda! Imekubali!"

"Tungoje kesho."

"Tungoje nini?"

"Mashine ni kama ng'ombe, Wahu. Leo anatoa maziwa, kesho anapiga ndoo teke."

*

Alhamisi Nanyama alinitangulia kazini. Alisema zamu ya simu ya asubuhi ni yake.

Nilifika ukungu bado umelalia reli. Viatu vyeusi vya Kimeli vilikuwa tayari chini ya benchi, na moyo wangu ukapoa. Amerauka kwa ajili yangu, nikajiambia. Nikavifuta matope. Nikapanga na vya Nanyama, sandak zake za plastiki za kuvukia matope na viatu vyake vya ofisini, maana yeye hubadilishia viatu kwangu kila asubuhi na huvitupa kama maganda ya ndizi. Nikachukua ndoo nikaenda kuteka maji.

Jeruto alifika saa tatu, sketi imechafuka matope mpaka magotini. Nikampa slipa bila kumtazama.

Hakukaa ndani hata nusu saa. Nikasikia anaita, "Kimeli! Umegusa hii?"

Muda si muda Bwana Kituyi, meneja wetu, alikuwa ameshuka, amevua, yuko katikati ya chumba na soksi yenye tundu kwenye kidole gumba. Lakini beji ya chama ilikuwa kifuani, na sauti ilikuwa ya jukwaani.

"Jana ilikubali. Leo inakataa. Nielezeni mimi kama mtoto!"

"Kuna mistari ambayo programu zote zinatumia pamoja," Jeruto akasema. "Tunaiita kopi. Kopi iletwe kwanza, halafu mkalimani apite, halafu kobol. Nilipanga hivyo jana. Sasa mkalimani ametumwa kabla ya kopi. Anakuta majina hajatambulishwa, anakataa."

Hata mimi nililielewa. Ni kama kupeleka blanketi la mama mkwe kabla ya kupiga hodi.

"Inaweza kujigeuza yenyewe?"

"Haiwezi, boss. Ni mtu."

"Ni mtu!" Bwana Kituyi akazunguka. "Juma lijalo mkuu wa wilaya anakuja kuiona hii mashine ikifanya kazi. Halafu mtu anakuja kugeuza mistari. Hilo si kosa. Hiyo ni hujuma! Siku hizi kuna watu wametumwa."

Neno hilo likitoka kwa mtu mwenye beji, kila mmoja hutazama sakafu. Tukatazama sakafu.

Kisha nikaona soksi yenye tundu imesimama mbele yangu.

"Wewe msichana wa mlango. Wewe ndiwe unaona. Leo asubuhi, viatu vya nani vilitangulia?"

Nikainua macho. Kimeli alikuwa ananitazama, na jasho limemtoka juu ya mdomo katika ile baridi. Nikadhani anaogopa nitamtaja bure, yeye aliyerauka kwa ajili ya Soy. Jeruto naye alinitazama, ametulia, kama mtu anayejua jibu na anangoja lisemwe.

Utulivu ule ndio ulioniponza. Kwa nini awe na utulivu? Nani amempa? Mimi mlangoni sijawahi kuwa nao.

"Vyekundu, boss," nikasema.

"Mimi?" Jeruto akasema. "Wahu. Mimi?"

"Vyekundu ndivyo nilivyovikuta."

Nikangoja Kimeli aseme neno. Alijua naongopa, kwa sababu alikuwa ndani. Akageukia skrini yake, akaanza kubonyeza kitu.

*

Jeruto alieleza kwamba asubuhi alikuwa Kesses kwa shangazi yake na gari lilikwama kwenye matope. Bwana Kituyi akamwambia mwenye mlango ameshasema. Akaamuru jina lake lifutwe kwenye mashine mara moja, mbele yake, akiona.

Kimeli ndiye aliyelifuta.

Na mimi, niwadanganye nini? Nilifurahi. Nilifagia korido yote mpaka kwenye ngazi, ambayo si kazi yangu. Jina lake limetoka. Kimeli atarudisha mistari, programu itakubali, Jumamosi tutakuwa Soy.

Furaha yangu haikufika hata saa ya chai.

"Inakataa," Kimeli akasema.

"Inakataa nini tena?" Bwana Kituyi akafoka. "Mistari si umerudisha?"

"Mistari iko sawa. Mkalimani akifika kwenye hazina anapiga hodi kwa jina la Jeruto. Jina la Jeruto tumelifuta. Hazina inasema, huyo simjui."

"Weka lako!"

"Nitaweka. Lakini hata majedwali ya wakulima yalifunguliwa kwa jina lake. Lazima yafunguliwe upya kwa langu, moja moja, halafu programu zote zipitishwe tena kwa mkalimani."

"Basi anza. Hakuna kutoka. Si Jumamosi, si Jumapili, hata mkija kuniambia kuna matanga."

Nikakaa kwenye benchi yangu. Lango la baba nilikuwa nimelifunga mwenyewe, kwa neno moja.

Nilipomweleza Nanyama jioni alinishika mkono. "Pole, mama. Lakini angalau yule amekwenda."

Alisema vizuri sana. Nikalia begani kwake.

*

Ijumaa alasiri nilirudi kutoka kuosha vikombe, nikamkuta Jeruto mlangoni, amekuja kuchukua cardigan aliyoiacha ndani. Nilikuwa nimeitoa asubuhi, nikampa. Akakaa kwenye benchi, kando yangu, avae viatu vyake vyekundu vizuri.

Nikangoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

"Wewe na Kimeli," akasema, "tangu lini?"

"Nani amekuambia?"

"Yeye. Siku ya kwanza. Niliiona ile sweta nikamuuliza nani mwenye mikono hii." Akafunga kifungo cha kiatu. "Wewe ulifikiri namtaka."

Nikachukua slipa nikaanza kuzifuta.

"Wahu, mimi na Kimeli ni wa ukoo mmoja. Kwetu huyo ni ndugu yangu. Nikae naye kwenye chumba hicho mpaka nizeeke, ni ndugu yangu. Hata mama yangu angesikia hilo wazo angetema mate."

Nilitamani ile baridi ya mashine itoke ndani ije inifunike.

"Mbona mlikuwa mnaongea Kinandi nikiingia? Mbona ulikuwa unamgombeza?"

"Nilikuwa namgombeza kwa ajili yako. Kila siku namwambia, mweleze binti wa watu ukweli."

"Ukweli gani?"

Akasimama, akanyoosha sketi.

"Si wangu kuusema. Nilimwapia. Lakini mimi sikuwa hapa Alhamisi asubuhi, na wewe ulikuwa hapa. Wewe unajua viatu ulivyoviona kweli." Akachukua mkoba wake. "Kituyi amepiga simu. Kuna watu wanataka kuniuliza maswali kabla sijafika Nairobi. Si maswali ya kobol. Nina mtoto mdogo nyumbani, Wahu. Nilitaka tu ulijue hilo."

Akaenda. Visigino vyake vilisikika korido nzima, na mimi nikakaa navyo mpaka vikaisha.

Viatu nilivyoviona kweli.

Vyeusi. Vya kamba. Vyekundu havipo. Sikumtaja Kimeli kwa sababu nilidhani alirauka kurekebisha.

Alirauka kuharibu.

Na sasa tazameni mtego nilioutega ukaninasa mwenyewe. Nikirudi kwa Bwana Kituyi niseme niliongopa, ataniuliza: basi vilikuwa vya nani? Nikisema, Kimeli ndiye wa hujuma, na wale watu wa maswali watageuza gari. Nikinyamaza, mtoto wa Jeruto atalala bila mama yake kwa uwongo wangu.

Viatu vyeusi vilikuwepo chini ya benchi. Kimeli alikuwa ndani, anafungua yale majedwali yake. Nikavichukua, nikavipakata, nikagonga mlango kwa kisigino chake kimoja.

"Nina kazi, Wahu," akasema kutoka ndani.

"Viatu vyako ninavyo mimi. Hutoki."

Sauti ya kubonyeza ikakatika ndani.

"Alhamisi ni vyako nilivyoviona. Ni wewe uliyegeuza mistari. Na zile mara mbili za kwanza pia, ni wewe."

Nikamsikia akisogea mpaka nyuma ya mlango. Hakufungua.

"Usiseme kwa sauti. Ulimsikia boss."

"Kwa nini, Kimeli?"

"Sikutaka kukuumiza."

"Ungeniambia hunitaki. Baba angefunga lango, ningelia, ingekwisha. Mbona ukaenda kuigeuzia mashine mistari?"

"Mashine haiulizi mtu kwa nini."

"Ni nani?"

"Si Jeruto."

"Najua si Jeruto! Ni nani?"

Nikakaa kwenye benchi. Nikainama nivirudishe viatu vyake chini. Na hapo ndipo nilipotazama chini ya benchi. Mimi, ambaye kazi yangu ni kutazama chini ya benchi.

Zilikuwepo sandak za matope. Na kando yake viatu vya ofisini vya kahawia, kisigino kimelika upande mmoja, viatu ambavyo nimelala navyo chumba kimoja mwaka mzima.

Mtu ana jozi mbili. Jozi zote mbili ziko kwangu. Sasa amekwenda kwenye simu na nini?

Nikatazama ukutani. Jozi moja ya slipa, zaidi ya zile za Kimeli, haikuwa kwenye msumari wake.

Na Alhamisi pia zilikuwepo zote mbili. Nilizipanga kwa mikono yangu, nikiona mzigo wa mtu mchafu tu.

Wewe unachunga viatu, mwenzio anachunga mwenye viatu. Alikuwa ameniambia. Aliniambia na akacheka mpaka akapaliwa, na mimi nikampiga mgongoni asife.

"Nanyama," nikaita.

Ndani kitu kilidondoka. Kisha sauti, ile ile inayosema "ushirika, nikusaidie" kila simu ikilia.

"Wahu, usipige kelele. Nitakueleza nyumbani."

"Nyumbani."

"Wahu, tafadhali."

Nilikuwa bado nalitafuta neno la kumjibu niliposikia watu wanashuka ngazi. Bwana Kituyi alikuwa mbele. Nyuma yake wanaume wawili ambao sijawahi kuwaona, wamevaa makoti siku ambayo haikuwa na mvua.

Kwenye dirisha la korido niliona gari jeupe uani, injini inanguruma. Jeruto amekaa nyuma. Anatazama mbele tu.

"Huyu ndiye msichana wa mlango," Bwana Kituyi akasema. "Wahu, hawa wazee wana swali moja. Yule wa Nairobi anakana. Waambie ulivyoniambia mimi. Alhamisi asubuhi, chini ya benchi hii, viatu vya nani?"

Nyuma ya mlango wawili walikuwa wanasikiliza.

Kiatu kimoja cha Kimeli kilikuwa bado mapajani mwangu. Kisigino cha Nanyama kilikuwa kinagusa mguu wangu. Ukweli ungemshusha Jeruto kutoka kwenye lile gari na kuwapandisha wawili niliowapenda kuliko wote hapa mjini. Na wivu, wasomaji, ulinisukuma kuusema ukweli kwa mkono ule ule ulionisukuma kusema uwongo. Sikujua kama nikifungua mdomo nitakuwa namwokoa mtu au nalipiza kisasi.

"Msichana," yule mwenye koti refu akasema kwa upole. Aliona kibao cha sheria ya mlango. Akakaa kando yangu kwenye benchi, akaanza kufungua kamba za viatu vyake ili aingie. "Tunakusikiliza."

Akavua cha kwanza. Akakisukuma chini ya benchi, kando ya sandak za Nanyama, akazitazama, kisha akautazama mlango uliofungwa.